Lubumbashi inapanuka: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Watu wa vijijini ndio wanaoujaza mji.”

Wanakuja Lubumbashi, mji wa madini kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), ndiyo. Lakini hata tukifunga barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa asiingie mtu, mji utaendelea kukua kwa vilio vya wodi za wazazi. Utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta mwanamke wa Kongo anazaa wastani wa watoto 6.6, mijini 5.4. Mji unaokua kwa asilimia 3.5 kwa mwaka huwa maradufu katika miaka 20 hivi. Mtoto anayezaliwa leo Katuba, moja ya komini (wilaya) za mji, siku moja atataka parseli yake, yaani kiwanja chake.

“Shefu (chifu wa kienyeji) akishakuuzia, kiwanja ni chako.”

Hapa ndipo penye kilio kingi, hasa pembeni kwenye komini ya Annexe, inayouzunguka mji. Mauzo yenyewe tunayajua: vigingi vinne, kamba, karatasi yenye muhuri, na mashahidi wanaolipwa soda. Wiki ileile wafyatuaji wanaanza kukichimba kichuguu kilicho katikati ya kiwanja, maana udongo wake unatoa matofali mazuri. Nyumba inasimama haraka kuliko faili.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuitumia, na Mkongomani anaweza kuipata bila kikomo cha muda. Kinachokulinda ni sertifika ya uandikishaji, hati ya Serikali yenye jina lako. Miaka 2 ikishapita tangu itolewe, ni vigumu mno mtu kuipinga. Karatasi ya shefu haina nguvu hiyo.

Lakini wanaosema karatasi hiyo ni takataka tupu nao wanakosea. Kifungu cha 389 cha sheria hiyohiyo kiliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wenyeji juu ya ardhi zao. Miongo ikapita bila amri. Kwa hiyo shefu anauza ndani ya pengo lililoachwa na Serikali yenyewe, na mnunuzi maskini anaingia humo akijua au asijue.

Hasara haiishii kwa mnunuzi. Kila shefu anapima anavyotaka, na kinachobaki kati ya kuta mbili ndicho kinachoitwa avenyu. Gari la zimamoto haliingii. Bomba la maji likija, litapitia wapi? Kuchora barabara juu ya nyasi ni kazi ya wapimaji na vigingi. Kuichora juu ya nyumba za watu ni kazi ya tingatinga, fidia na kesi.

“Wazungu walipanga vizuri, sisi tukaharibu.”

Walipanga vizuri kwao. Mji ulioanzishwa 1910 ulinyooshewa avenyu za katikati, huku Mwafrika akitengwa ng’ambo ya ukanda mtupu, eti mbu wa malaria wasivuke. (Mpishi na yaya waliruhusiwa kuvuka kila asubuhi, mbu wao sijui walibaki wapi.) Urithi wake tunao bado: komini za Kenya, Kamalondo na Katuba zikawa za kulala watu, kazi na ofisi zikabaki katikati. Ndiyo maana asubuhi taksi-basi zote zinaelekea upande mmoja.

“Tupanue barabara, ambuteyaji (msongamano wa magari) itakwisha.”

Houston, Marekani, waliipanua barabara ya Katy ikafika njia 26 penye upana mkubwa zaidi, kazi ikamalizika 2008. Kati ya 2011 na 2014 safari za saa za msongamano zikazidi kuchukua muda mrefu, kwa kuwa nafasi mpya iliita magari mapya. Kwetu nafuu ya haraka iko kwingine: vituo vya taksi-basi vilivyotengwa pembeni, malori ya madini yasipite mjini, na soko, shule na zahanati kujengwa hukohuko Annexe.

Anayekwenda kununua huko, kabla ya kutoa pesa apite ofisi ya kadastre, inayopima na kuandikisha viwanja, aulize kama kiwanja kiko kwenye ramani iliyokubaliwa. Kisha aende mwenyewe na futi, apime njia iliyo mbele ya vigingi, na amuulize jirani kama alipimiwa njia ileile.