Wimbo hutoka, mwimbaji hubaki palepale

"Prodyuza, nikitoa huu mmoja tu, nimetoka."

Kauli hiyo nimeisikia mara tatu mwezi huu, hapahapa studio kwangu Ngarenaro, Arusha. Wa mwisho alikuwa mama anayeuza ndizi soko la Kilombero. Alifungua pindo la khanga akanihesabia laki nne kwa noti za elfu mbili na elfu tano, nyingine zina madoa ya utomvu. Ndio mtaji wake wote. Nikamuuliza, mama, kesho mzigo utanunua kwa hela gani? Akanijibu kwa imani kabisa: "Kesho si wimbo utakuwa hewani?"

Jamani. Wimbo hutoka, hilo sikatai. Mwimbaji ndiye anayebaki palepale, tena bila mtaji.

Najua dhana hii, kwamba wimbo mmoja tu wa injili unamtoa mtu kimaisha, inapikwa wapi. Inapikwa kwenye ushuhuda. Mwimbaji anasimama madhabahuni, anasema nililala chini, nikafua nguo za watu, kisha Bwana akanipa wimbo, leo naendesha gari langu. Kati ya "kisha" na "leo" kuna miaka mingi, lakini mchungaji amempa dakika tano. Chukua Rose Muhando, mwimbaji wa injili ambaye kila anayeingia hapa lazima amtaje. Amezaliwa 1976, Dumila, wilaya ya Kilosa. Kabla nchi haijamjua alikuwa mwalimu wa kwaya ya Kianglikana Dodoma. Tuzo za injili zilizomtangaza alizipata 2005, akikaribia miaka 30, na mkataba wa Sony ulikuja 2011. Mwalimu wa kwaya, kwa asiyejua, ni mtu anayekaa kanisani jioni akisubiri besi waliochelewa, anayerudia mstari mmoja wa alto mpaka taa zizimwe, na mwisho wa mwezi hana mshahara. Hapo ndipo sauti inapopikwa, na ndipo mtu anapojua ni wimbo gani waumini wanaondoka nao mdomoni na upi wanausahau mlangoni. Kipande hicho hakuna anayekisimulia.

Nikishamaliza hayo, naambiwa: "Lakini YouTube inalipa." Haya, tupige hesabu. Ili uanze kupata mgawo wa matangazo kwa vidio za kawaida, chaneli inatakiwa kuwa na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Wimbo wako una dakika tano, kwa hiyo utazamwe mwanzo mpaka mwisho mara 48,000. Na nani anatazama mpaka mwisho, wakati dakika ya kwanza nzima umeweka drone ya Mlima Meru na jina la dairekta? Wakiishia katikati, weka 96,000. Hapo hujalipwa, umepata tu ruhusa ya kuanza kuhesabiwa. Salio likifika dola 10, Google wanakutumia namba ya siri kwa barua, ndiyo, barua ya posta, na malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Nimeona mwimbaji mwenye jina mji mzima, vifodi, daladala zetu, vinapiga wimbo wake asubuhi hadi jioni, barua yake imelala ofisi ya usharika kwa sababu alitumia sanduku la kanisa na karani hakujua ni ya nani. Ndiyo maana kila mtu namwambia, hata kabla ya kushika maiki: fungua sanduku lako la posta. Wananicheka.

Na chaneli ni ya nani? Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Hela inamfuata mwenye chaneli. Mwimbaji amekaa anaimba tu, chaneli imefunguliwa na mtoto wa dada yake kwa Gmail yake, kijana kahamia Dar, simu imeibiwa, nywila haikumbukwi. Wimbo una watazamaji laki na ushee, mwenye wimbo anapanda Hiace kwenda kuimba Moshi kwa kukopa nauli. Hapo kuna umaarufu. Kutoka kuko wapi?

Ndugu yake hili ni "biti la bure," yaani mdundo aliotengeneza mtu mwingine. Umelishusha mtandaoni, umelilipia data tu. Mfumo wa YouTube wa kutambua sauti unalijua biti lile lina mwenyewe, na akidai, matangazo yanaweza kumlipa yeye wakati wewe unaimba. Mimi nauza biti, mtasema natetea ugali wangu. Basi msinunue kwangu. Tafuteni kijana wa kinanda hapo kanisani, mwandikishiane karatasi yenye sahihi mbili, na vipande vyote vya wimbo, kila chombo peke yake, mkavihifadhi kwenye flashi yenu wenyewe. Studio huungua. Kompyuta hufa. Maprodyuza hugombana na wateja.

"Nyimbo za Mungu hazina mwenyewe." Zina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haijatenga injili. Haki ni ya mtunzi tangu alipotunga, inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakuzai haki hiyo, kunakusaidia kuithibitisha mkifikishana pabaya. Kwa hiyo pambio la jirani yako wa Usa River uliloongeza ubeti mmoja si lako.

Mayai mabichi ya kulainisha sauti: yai linapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa. Kunywa maji, lala mapema, acha kupiga kelele sokoni siku ya kurekodi. Yai lipike ule.

Wanaosema waliofanikiwa wamejiunga na Freemason siwajibu. Waliofanikiwa ninaowajua mimi walikuwa na daftari la mazoezi.

Yule mama nilimrudishia laki nne zake. Kuna mwenzangu aliniambia nimefukuza riziki, huenda ni kweli. Jumamosi mama akarudi, safari hii na daftari la shule, mistari imeandikwa kwa penseli. Nikazima kila kitu, nikamwambia imba hivyohivyo bila biti. Mstari wa tatu wa kiitikio ulimshinda, akawa anaukwepa kwa kufumba macho, kama wanavyofanya wote. Tumeushusha wimbo kutoka ufunguo wa G hadi E. Ameambiwa aupeleke kwaya kwanza, aje baada ya miezi mitatu, na namba ya sanduku la posta.