Je, wajua kwa nini mshambuliaji hupaisha mpira?

Mtangazaji wa redio akisema "amepaisha!", msikilizaji aliye mbali na uwanja anauona kabisa mpira ukivuka juu ya mtambaa wa panya, yaani mwamba wa juu wa lango. Kitenzi kimetoka kwenye kupaa. Aliyepiga pembeni mwa lango hakupaisha, huyo ametoa nje. Ajabu ni kwamba mtaani neno hilohilo ni sifa: wimbo mmoja humpaisha msanii.

Kwa miaka mingi niliamini, kama wengi jukwaani, kwamba anayepaisha ametumia nguvu kupita kiasi. Sivyo. Mashuti makali mno hutikisa nyavu kila wiki, na mipira hafifu hupita juu. Fikiria manati: kadiri unavyoivuta, jiwe huenda kasi zaidi, lakini mkono ulivyoelekezwa ndio unaoamua liende embeni au mawinguni. Ukiivuta nusu tu huku umeielekeza juu, jiwe litapaa vilevile.

Mguu nao hufanya kazi kama bembea. Hushuka, hufika chini kabisa, kisha huanza kupanda. Mguu wa kusimamia ukikanyaga nyuma sana ya mpira, au kiwiliwili kikilala nyuma, buti huukuta mpira wakati bembea imeshaanza kupanda, tena huugusa chini ya kitovu chake. Kosa lenyewe ni dogo kuliko tunavyodhani. Kutoka kwenye nukta ya penalti, mita 11, hadi mwamba ulio mita 2.44 juu, kwa shuti la kilomita 90 kwa saa, hesabu rahisi inaonyesha kwamba kuugusa mpira sentimita tatu hivi chini ya kitovu kunatosha kuupaisha. Ni makadirio, maana buti si bapa na mpira hubonyea.

Nguvu nayo ina sehemu yake, ila si ile tunayoilaumu. Shuti hilo hufika langoni kwa karibu nusu sekunde, na uvutano wa dunia hupata muda wa kulishusha takriban mita moja tu. La polepole hushushwa zaidi, hivyo kosa lilelile husameheka.

Tarehe 17 Julai 1994, huko Pasadena, Marekani, Roberto Baggio alipaisha penalti ya tano ya Italia, na Brazil wakatwaa Kombe la Dunia kwa mikwaju 3-2. Ukiitazama tena picha yake, usihangaike na kasi. Tazama mguu wa kusimamia na kifua.