Kikundi cha kuacha pombe Mombasa: nikipate wapi, na nikifika itakuwaje?

Maswali haya huulizwa sana na watu wa Mombasa wanaotaka kuachana na pombe, na zaidi huulizwa na wake na mama zao.

Nimekata shauri kuacha leo. Niende kikundini moja kwa moja?

Kwanza tujue unakunywaje. Kama ni kila siku, na asubuhi mikono yatetemeka mpaka upate kikombe cha kutoa loki, yaani uchovu wa pombe ya jana, anzia hospitali. Mwili uliozoea pombe ukikatiziwa ghafla hupata misukosuko: jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Degedege huja zaidi ndani ya siku 2 za mwanzo. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka, wakaona visivyokuwepo, homa ikapanda. Hali hiyo huua. Kwa hiyo yule rafiki anayekwambia ujifungie chumbani siku tatu umalizane nayo kiume, usimsikilize. Nenda hospitali kuu ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, au Port Reitz. Sema ukweli wa kiasi unachokunywa, mnazi na chang'aa pia vihesabiwe, ili daktari ajue dawa ya kukutuliza na kama utahitaji vitamini B1. Kikundi kitafuata.

Hivyo vikundi nitavipataje?

Piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uwaambie mtaa unaokaa. Waulize pia washauri wa hospitali, na vituo vya kurekebisha tabia hata kama hukulazwa huko, maana wao ndio wanaojua nani hukutana wapi. Uliza siku, saa, lugha, na kama mkutano ni wa wazi au wa wanachama tu. Wa wazi, hata ndugu yako aweza kukusindikiza. Wa ndani ni kwa wenye tatizo lenyewe.

Orodha za mtandaoni zitumie, lakini huchakaa: mkutano umehamishwa, namba haishikwi. Piga simu siku ileile kabla hujapanda matatu. Kufika mtu na moyo wake wote, akakuta kufuli mlangoni, ni njia fupi ya kurudi mangweni. Kama wafanya kazi ya zamu bandarini na saa hazikuingiliani, kuna mikutano ya mtandaoni unayoweza kuihudhuria kwa simu.

Ni watu gani hao, na watanifanya nini?

Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, yaani AA, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili, mmoja daktari, waliogundua kwamba wakizungumza wao kwa wao kiu hupungua. Hakuna ada wala fomu. Sharti ni moja: uwe wataka kuacha. Mchango hupitishwa, na asiyenacho hadaiwi.

Utakuta viti vya plastiki, pengine chupa ya chai ya rangi. Mtu ataanza, "Naitwa Juma, mimi ni mlevi," wenzake wamwitikie kwa jina. Atasema yake, na hakuna atakayemkatiza kumpa mawaidha. Zamu ikikufikia, "leo nasikiliza tu" yatosha. Jina moja latosha pia, na yanayosemwa humo hubaki humo.

Wanaodhani ni soga tupu wajue kwamba mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yakaonyesha kuwa kuwaunganisha watu na AA kwa utaratibu maalumu huwasaidia kuacha kabisa sawa na tiba nyingine za ushauri, na mara nyingi kuzishinda.

Mimi ni Mwislamu, na nimeambiwa mkutano uko ukumbi wa kanisa. Nitaonekanaje?

Aibu hii naielewa. Mji wetu mdogo, na wa Majengo hujua nani ameingia wapi kabla hajatoka. Lakini ukumbi ni wa kukodi tu, AA si ya dini yoyote. Hatua zake 12, yaani mwongozo wanaoufuata wanachama, humtaja Mungu "kama tunavyomwelewa", nawe wamwelewa. Wakisoma dua usiyoitaka, nyamaza. Ukiwa na imamu unayemwamini, mwambie pia, ila asiwe badala ya kikundi: yeye hajawahi kuamka saa tisa usiku akitafuta chupa. Na kumbuka, atakayekuona humo naye yumo.

Mume wangu hataki kusikia. Nimtilie dawa kwenye chai?

Hapana, mama. Ile "dawa ya kuacha pombe" ya kwenye vibandiko vya waganga hujui ina nini. Hata disulfiramu, ambayo ni dawa halisi ya hospitali, akipewa bila kujua kisha akanywa, yaweza kumfanya atapike, moyo umwende mbio, shinikizo lishuke hadi azimie. Nenda wewe. Al-Anon, kwa familia za wanywaji, ilianza 1951 kwa sababu hiyohiyo, nawe huhitaji ruhusa yake kwenda. Wake wengi hujifunza huko jambo gumu: kuacha kumlipia madeni ya mangweni, na kuacha kumpigia bosi simu kwamba "ana malaria".

Nikiteleza?

Rudi mkutano unaofuata na useme umeteleza. Wengi waliomo wamewahi kusema hivyo. Kama wakaa Likoni, toka nyumbani mapema, feri haisubiri mtu.