Miezi 6 ya Ghala la Dhamana Huhesabiwa kwa Hati, si kwa Jumla ya Stoki

Malalamiko kuhusu bidhaa kutangazwa mnadani zikiwa bado kwenye ghala la dhamana, yaani ghala chini ya forodha ambamo bidhaa hukaa kabla ya kulipiwa ushuru, yamekuwa mengi, na baadhi yanatoka kwa kampuni kubwa zenye programu nzuri za kuhesabu stoki. Programu hizo huonyesha kwamba godauni la Changamwe, Mombasa, lina katoni 1,800 na la Shimanzi lina 400. Forodha haihesabu hivyo. Kwetu forodhani kila katoni ni ya hati iliyoiingiza ghalani, na kila hati ina tarehe yake ya mwisho.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 kinatoa miezi 6 tangu siku bidhaa zilipowekwa ghalani, si tangu mlipomlipa muuzaji. Ukipita muda huo, Kamishna wa Forodha anaweza kuruhusu kwa maandishi ziwekwe upya, yaani ziandikishwe tena ghalani, kwa miezi 3 zaidi. Hapo afisa huzikagua na kuzihesabu. Upungufu hutozwa ushuru wakati huohuo, isipokuwa ule unaoruhusiwa, na kiasi kilichopatikana hufunguliwa hesabu mpya. Zisipotolewa wala kuwekwa upya, huuzwa mnadani baada ya notisi ya mwezi 1 iliyochapishwa. Zinazoharibika upesi zaweza kuuzwa bila notisi. Tafadhali tuelewane: notisi ni tangazo, si simu kwa meneja. Someni matangazo.

Kosa lenyewe huanza kwa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo. Tuseme hati ya Januari ina katoni 1,000 na ya Machi ina 800 za bidhaa ileile. Wakala wa forodha anaandikisha kutolewa kwa katoni 300 za hati ya Januari na kuzilipia ushuru. Dereva wa foklifti anabeba zilizo karibu na mlango, yaani za Machi. Jumla ya kampuni inabaki sawa, 1,500, na mhasibu anaridhika. Lakini kwenye rafu, ukilinganisha na daftari, hati ya Januari imezidi kwa 300 na ya Machi imepungua kwa 300. Julai inapofika, mzigo mnaodhani umeshatoka bado uko ghalani, na upungufu wa Machi mtaulizwa nyinyi.

Kwa hiyo msichanganye hati mbili kwenye palati moja. Kila palati ibandikwe namba ya hati, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kumalizika, na karatasi ya kuchukulia mzigo itaje namba ya hati, si jina la bidhaa pekee. Kila wiki linganisheni rafu, daftari la ghala na programu ya kampuni, hati kwa hati. Mkikuta tofauti, mwarifuni afisa wa forodha kabla hajaikuta mwenyewe. Kufuta daftari na kuandika upya ni kujiongezea kosa.

Wekeni pia tahadhari mwezi wa 4 tangu mzigo kuwekwa ghalani, ili idara ya ununuzi isiagize shehena nyingine huku ya zamani ikikaribia ukomo.

Kuhamisha stoki kwenye kompyuta hakuhamishi mzigo kisheria. Kuutoa ghala moja la dhamana kwenda jingine kunahitaji hati ya forodha. Kufungua na kufungasha upya kunahitaji idhini. Kumbukumbu zote zitunzwe miaka 5. Leseni ya ghala nayo humalizika Desemba 31, hata kama ilitolewa Oktoba.