Si kila kikao ni huddle

Nimelisikia neno hili likitumiwa ovyo mara nyingi mno. Mtu anaitisha mkutano wa watu arobaini, kila mmoja na kiti chake, ajenda kurasa tatu, saa mbili nzima, halafu anauita "huddle". Mwingine analalamika kwamba mradi wake una "huddle" nyingi, akimaanisha vikwazo. Huyu wa pili nitamrudia baadaye; wa kwanza ndiye aliyenifanya niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Huddle ni kitenzi cha Kiingereza cha kujikusanya mkabanana, miili ikigusana au kukaribia kugusana, kwa sababu ya baridi, hofu au siri. Likitumiwa kama nomino, ni lile kundi lililobanana. Hata mtu aliye peke yake anaweza kufanya hivyo: akijikunyata ndani ya blanketi, magoti kifuani, Mwingereza atatumia kitenzi hicho hicho. Na hakuna anayefanya mkutano na blanketi.

Sasa asili, maana ndiko kosa linakoanzia. Neno linaonekana katika maandishi ya Kiingereza kwenye nusu ya pili ya karne ya 16. Kabla yake, Kiingereza cha Kati kilikuwa na hoderen, kurundika pamoja. Wachunguzi wa asili ya maneno wanalihusisha na Kijerumani cha nyanda za kaskazini, ambako kuna kitenzi hudern: kufunika, kusitiri, hasa kama kuku anavyotandaza mbawa na kuwaatamia vifaranga wake. Nyuma ya hudern kuna huden, kuficha, na huko ndiko linakokutana na hide ya Kiingereza, ambayo nayo ni kuficha. Basi ukoo wote huu ni wa kufunika na kusitiri. Kukutana hakumo.

Hata kile kimkia cha -le kina kazi yake. Katika Kiingereza cha zamani kilibandikwa kwenye shina kuonyesha tendo linalojirudia: spark, yaani cheche, ikazaa sparkle, kumetameta. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kurudia shina lenyewe, kama katika hiyo metameta, au katakata, au pigapiga. Kwa hiyo ukitaka kuisikia huddle kwa sikio la Kiswahili, usifikirie "kusanyika". Fikiria watu wanaojisogezasogeza, kila mmoja akitafuta pa kujisitiri kwa mwenzake.

Mwanzoni neno lilikuwa pia na harufu ya fujo: kurundika vitu bila mpangilio, au kulipua kazi ili iishe. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa tafsiri ya Nyerere, Mabepari wa Venisi, Mtawala anazungumzia hasara zilizomlundikania Antonio mgongoni, na kitenzi ni hiki hiki. Hasara hizo hazikuwa na ajenda.

Hiyo maana ya mashauriano imetoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwenye futiboli ya Kimarekani, na hapa kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1894 timu ya Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, ilikuwa na mchezaji aitwaye Paul Hubbard, ambaye ndiye aliyekuwa akitangaza mbinu uwanjani. Alizitangaza kwa lugha ya alama, na walipocheza na viziwi wenzao, wapinzani nao waliziona na kuzisoma vizuri tu. Inasimuliwa kwamba Hubbard akawakusanya wenzake kwenye duara dogo, migongo nje, nyuso ndani, ili mikono yake isionekane. Tazama kilichotokea: duara lile halikuwa la kukutana, kwani timu ilikuwa imeshakutana tangu asubuhi. Lilikuwa la kuficha. Ofisi na hospitali zilipolichukua neno kwa vile vikao vya dakika chache, watu wakiwa wamesimama mwanzoni mwa zamu, angalau zilibakiza ule ufupi na ule ukaribu. Lile la watu arobaini na viti halijabakiza chochote.

Ukitaka huddle halisi, waangalie wale ngwini wakubwa wa Antaktika. Madume huatamia mayai juu ya miguu yao katikati ya majira ya baridi, wakiwa wamebanana kwa mamia, na kundi zima husogea kwa vihatua vidogovidogo hivi kwamba aliyekuwa ukingoni, akipigwa na upepo, baadaye hujikuta katikati kwenye joto. Kuatamia kumerudi hapo, na sijalilazimisha.

Kwa Kiswahili hatuna neno moja linaloibeba yote, wala si aibu. Kusongamana ni wingi. Kubanana ni ufinyu wa nafasi. Kukumbatiana kuna mikono na mapenzi ndani yake. Kujikunyata kunakaribia zaidi, ila ni kwa mmoja mmoja, mpaka uongeze "pamoja". Na pale Kiingereza kinaposema watu wamejitenga kwenye huddle wakishauriana, sisi tunalo neno tamu tunalolisahau: wanateta. Mkutano wa saa mbili uiteni mkutano. Hautaona vibaya.

Sasa yule wa vikwazo. Alikusudia hurdle, na kwa ulimi uliozoea irabu tano maneno haya mawili hutoka karibu sauti moja, kwa hiyo simlaumu. Lakini hurdle ni neno jingine kabisa. Asili yake ni fremu ya vijiti vilivyosukwa, ambayo wafugaji waliitumia kama ua wa muda. Baadaye ikawa kiunzi cha kuruka kwenye mbio, na kutoka hapo ikawa kikwazo chochote. Mahali pekee ninapoyaona maneno haya yakiwa jirani ni zizini: fremu imezunguka nje, na kondoo wamebanana ndani. Kwa hiyo, rafiki yangu, ulichoruka ni ile fremu. Kondoo waache walale.