Mama kaleta chokoleti kliniki: tuongee kuhusu kakao na mishipa ya damu

Mwezi wa kumi Dodoma mnaujua, jua la saa sita linachoma mpaka lami inanuka. Siku moja kliniki ya presha kaja mama mmoja kutoka Makole, nimempa shikamoo yake, tumempima, mashine inasoma 162 kwa 98, presha iko juu. Namuuliza mama vidonge si unameza? Kafungua mkoba katoa chokoleti imeyeyuka yote, imeganda kwenye karatasi lake kama tope la Bahi, ananiambia "mwanangu, mjukuu wangu yuko chuo kasema hii ndo dawa ya mishipa, kwa hiyo vidonge nimepumzika kidogo."

Sikucheka, maana mjukuu hajadanganya, ila kaishia nusu ya habari.

Iko hivi. Ndani ya mshipa wa damu kuna utando mwembamba sana, unene wake ni seli moja tu, na huo utando ndo unaotoa gesi inaitwa nitriki oksaidi ambayo inalegeza misuli ya mshipa, mshipa unatanuka, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hiyo gesi. Sasa kakao ina vitu vinaitwa flavanoli, vinausaidia huo utando kutoa gesi zaidi. Ladha yake mnaijua hata kama hamjawahi kula kakao: tafuna mbegu ya zabibu zetu hizi, ule ukakasi unaokausha ulimi, ndo ndugu zake hao hao.

Na hii kitu inapimika kabisa. Mtu anafungwa mkanda wa presha mkononi, unabana kama dakika 5 damu isipite, alafu unaachiwa ghafla huku mtaalamu anaangalia mshipa kwa ultrasaundi umetanuka kiasi gani. Aliyekunywa kakao yenye flavanoli nyingi, ndani ya masaa mawili hivi mshipa wake unatanuka vizuri kuliko kabla hajanywa. Mi napenda sana kipimo hiki kwa sababu hakibembelezi mtu.

Lakini kutanuka kidogo sio kupona presha, hapo ndo watu wanapotelezaga. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya majaribio 35 uliona kakao inashusha presha kama pointi 2 hivi kwa wastani. Pointi 2! Mama yuko 162. Alafu Marekani wakafanya jaribio kubwa linaitwa COSMOS, matokeo yakatoka 2022, wazee zaidi ya 21,000 wakafuatiliwa zaidi ya miaka mitatu, nusu yao wanapewa vidonge vya kakao vyenye miligramu 500 za flavanoli kila siku (vidonge jamani, sio chokoleti). Ukijumlisha matatizo yote ya moyo na mishipa tofauti haikutosha kusema kakao ndo imefanya kazi, ingawa vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, kwa hiyo matumaini yapo ila dawa haijapatikana.

Turudi kwenye ile karatasi ya mama. Nikaigeuza tukasoma wote: cha kwanza sukari, cha pili maziwa ya unga, kakao iko huko nyuma. Kwenye lebo kilichoandikwa mwanzo ndo kingi, kwa hiyo mama alikuwa anakula sukari yenye harufu ya kakao. Hata ile nyeusi ya asilimia 70, asilimia inakuambia kakao ni kiasi gani, haikuambii flavanoli zimebaki ngapi, sababu kuchachusha, kukaanga na hasa kuweka alkali (kemikali ya kupunguza ukali wa kakao) kiwandani vinaziua. Unga uliowekwa alkali unakuwaga mweusi tii na mtamu mtamu hivi, watu wanadhani ndo wenyewe, kumbe ule wa kahawia unaokukunja uso ndo bora. Kakao ya kwetu inalimwa sana Kyela kule Mbeya, ukipata unga wake mtupu usio na sukari, kijiko kimoja kwenye maji ya moto au uji wa ulezi inatosha. Chokoleti nyeusi nayo ni kipande kidogo, gramu 100 zina karibu kalori 600, na nyingine zimekutwa na madini yenye sumu, risasi na kadimiamu, kwa hiyo sio kitu cha kumaliza paketi kila siku. Mwenye shida ya figo aulize dokta wake kwanza.

Mama karudi baada ya mwezi, vidonge anameza, mashine ikasoma 138 kwa 86. Kakao anakunywa jioni ila analalamika chungu, anaomba ruhusa ya vijiko viwili vya sukari. Tumebishana pale mpaka foleni ikaanza kuguna, tukapatana nusu kijiko.