Unene uliopitiliza na mawazo yanayomwandama mtu: maswali na majibu

Unene uliopitiliza ni upi, na akili inaingiaje hapo?

Kliniki huchukua uzito wako kwa kilo na kuugawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, jibu likiwa 30 au zaidi, huo ni unene uliopitiliza. Mtu wa sentimita 165 anafika hapo akiwa na kilo 82. Kuhusu akili, uchambuzi wa mwaka 2010 uliunganisha tafiti 15 zilizofuatilia watu kwa muda mrefu. Ulionyesha kuwa unene huu huongeza hatari ya kupata sonona (ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu) baadaye kwa asilimia 55, na sonona nayo huongeza hatari ya unene huo kwa asilimia 58. Kwa hiyo kuuliza kipi kilianza mara nyingi ni kupoteza muda.

Hayo mawazo hasi yanayomwandama mtu yanakuwaje?

Hujileta yenyewe, haraka, na huja kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliyaeleza miaka ya 1960 baada ya kuwasikiliza wagonjwa wake wa sonona.

Linalosumbua zaidi watu wanaojitahidi kupungua ni lile la yote au basi. Mtu amepanga wiki nzima asiguse vitafunwa vya mafuta. Jumatano asubuhi wenzake wanaagiza chai, naye anakula chapati mbili. Hapo hapo linakuja: nimeshaharibu, maji yakimwagika hayazoleki. Mchana anakula chipsi mayai, jioni soda na kilichobaki mezani, na mpango unasogezwa hadi Jumatatu. Piga hesabu mwenyewe. Chapati mbili haziwezi kuharibu wiki, ila wazo lililozifuata limekula karibu siku tano.

Kuna pia kujifanya unajua yaliyo moyoni mwa wengine. Umepanda daladala, abiria wawili wanacheka, na wewe huna shaka wanakucheka wewe. Huenda ni kweli, maana ndani ya daladala watu hutamka lolote. Huenda pia wanacheka video kwenye simu. Halafu kuna kujibandika jina: badala ya "leo nimekula kupita kiasi" unasema "mimi mlafi, sina msimamo". Ukishajihukumu hivyo, huoni sababu ya kujaribu kesho.

Lakini mimi ni mnene kweli. Kosa la wazo liko wapi?

"Nina kilo 110" ni taarifa, na mtu anahitaji kuijua. "Nina kilo 110, hakuna atakayenipenda" ni taarifa iliyoshonewa utabiri usio na ushahidi. Hakuna anayekuambia ujidanganye kuwa mwembamba. Unaambiwa uchunguze hicho kipande cha pili.

Kusemwa si ndiko kunakomwamsha mtu?

Wengi wetu tumelelewa tukiamini hivyo, na tunachanganya. Kwenye harusi moja shangazi atakusifu umenawiri, mume anakutunza. Ukigeuka, binamu anakuita bonge mbele za watu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, uliofuatilia zaidi ya watu 6,000 wa umri wa makamo na wazee, ulikuta kwamba ambao hawakuwa na unene uliopitiliza lakini walisema wanabaguliwa kwa uzito wao walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu wa kuingia kwenye unene huo. Anayeaibishwa hukwepa kutembea mchana, hula kwa kujificha, na huahirisha kliniki kwa kuogopa mizani. Mhudumu wa afya anayemkejeli mgonjwa kwa mwili wake anampoteza.

Nianzie wapi?

Anza na daftari kabla ya kubadili chakula. Siku utakayojisikia vibaya, andika kilichotokea, wazo lililokujia neno kwa neno, na ulichofanya baada yake. Kisha jiulize: rafiki yako angekula zile chapati, ungemwambia nini? Andika jibu hilo, ule mlo unaofuata kama kawaida na usiuruke kwa kujiadhibu, maana njaa ya kutwa huishia kwenye kula bila breki usiku. Mtaalamu aliyefunzwa tiba ya utambuzi na tabia, yaani ya kuchunguza mawazo na matendo, hufanya kazi hiyo pamoja nawe kwa utaratibu zaidi.

Lini nimwone daktari?

Huzuni, au kutopenda tena ulivyovipenda, vikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda. Nenda pia kama huwa unakula kwa wingi ukishindwa kabisa kujizuia, kisha unajichukia. Ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu wa karibu na ufike hospitali siku hiyo hiyo.

Taja dawa zote unazotumia. Amitriptyline (dawa ya sonona) na olanzapine (dawa ya magonjwa makali ya akili), kwa mfano, huweza kuongeza uzito. Usiziache kwa uamuzi wako. Omba daktari aangalie kama kuna mbadala.

Nisubiri nipungue kwanza, ndipo nishughulikie akili?

Hapana. Sonona humnyima mtu usingizi na nguvu za kupika au kutembea, yaani vile vile anavyovihitaji ili apungue. Hata wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni ili wapungue uzito hupaswa kufuatiliwa afya ya akili, kabla na baada. Nenda ukiwa na kilo ulizonazo leo.